Fangasi kwenye lenzi: acheni kuhesabu pakiti za silika, pimeni hewa

Kioo_Safi (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila baada ya muda mtu anatupia picha ya lenzi yenye nyuzinyuzi ndani na kuuliza hii ni nini. Majibu huwa yaleyale: "tia silika", yaani vile vipunje vya kunyonya unyevu. Mwenye lenzi anaokota pakiti mbili zilizokuja na viatu, anazitumbukiza kwenye begi la kamera, anafunga zipu na roho yake inatulia. Siku akifungua tena, nyuzi zimezaana. Nimeona tuongee kwa kirefu safari hii, hasa sisi ambao hewa yetu ina maji karibu mwaka mzima.

Vijimbegu vya fangasi vimo hewani kila mahali. Vimo hata ndani ya lenzi mpya uliyoifungua leo. Kuvimaliza haiwezekani, kwa hiyo kazi yetu ni kuvinyima mazingira ya kuota. Kampuni ya Zeiss, inayotengeneza lenzi, imeyataja mazingira hayo: unyevu wa hewa unaofika asilimia 70 au zaidi kwa zaidi ya siku tatu, joto kati ya nyuzi 10 na 35, giza, hewa isiyotembea, na chakula kidogo kama vumbi, grisi au nyuzi za kitambaa. Sasa lifikirie begi lililofungwa na kuwekwa juu ya kabati msimu mzima wa mvua. Hakuna sharti hata moja lililokosekana humo.

Wengi hudhani fangasi wanakula kioo. Hawali kioo, wanakula uchafu ulio juu yake: alama ya kidole, mvuke wa mafuta ya kulainisha, vumbi. Ubaya ni kwamba wakila hutoa asidi, na asidi hiyo huchimba ule mpako mwembamba wa kuzuia mng'ao, kisha kioo chenyewe. Ndiyo maana lenzi iliyowahiwa husafishika ikarudi kama zamani, na iliyochelewa hubaki na makovu hata fangasi wenyewe wakiondolewa.

Unyevu unaotakiwa ni asilimia 40 hadi 50. Kushuka chini ya 30 kwa muda mrefu nako si sifa, maana mpira na ngozi hukauka na mafuta ya ndani ya lenzi hayapendi hali hiyo.

Hapa sasa ndipo penye kiini cha uzi. Hewa ya nyuzi 30 iliyoshiba kabisa hubeba takriban gramu 30 za maji kwa kila mita moja ya ujazo. Unyevu ukiwa asilimia 70, hizo ni gramu 21 hivi. Chukua boksi la plastiki la lita 20, lijaze hewa hiyo, lifunge. Maji yaliyomo ndani ya hewa ile hayafiki hata nusu gramu. Gramu kumi za silika kavu zinayanywa yote na bado zina kiu.

Basi kwa nini silika za watu zinashiba upesi hivyo? Moja, boksi linavuja, au si boksi bali ni begi la kitambaa. Hapo unajaribu kukausha dunia nzima kwa pakiti mbili. Pili, na hili watu hawalifikirii, vitu mnavyofungia humo vimebeba maji kuliko hewa yenyewe. Sponji, mkanda wa shingoni, kitambaa cha kufutia, mfuko wa ngozi uliokuja na lenzi, begi zima lililoingizwa ndani ya boksi kwa nia njema. Vyote hivyo hunyonya unyevu siku nzima na kuutoa taratibu mkishafunga. Mfuko wa ngozi ndio mbaya kuliko vyote, kwa sababu wenyewe pia ni chakula cha fangasi.

Kwa hiyo ninachoshauri ni boksi gumu lenye mpira wa kuzibia kwenye mfuniko. Kalipime: fungia kipande cha karatasi ukingoni kisha kivute, kikitoka kirahisi mpira haubani. Ndani weka kamera na lenzi tupu, silika ya kubadilika rangi kati ya gramu 200 na 500, na kipima unyevu mahali unapoweza kukisoma bila kufungua mfuniko. Kipima unyevu ndicho cha kwanza kununua, hata kabla ya silika. Bila hicho unabahatisha tu.

Tena kisiaminiwe kabla ya kukijaribu, maana vile vidogo hudanganya. Chukua kizibo cha chupa, tia chumvi ya kawaida, dondoshea maji kidogo mpaka iloe bila kuyeyuka yote. Kifungie kizibo hicho pamoja na kipima ndani ya mfuko wa zipu, uache saa 12 au zaidi. Humo unyevu utakaa asilimia 75. Kipima kikisoma 81, ujue kinazidisha 6, andika kwa kalamu mgongoni mwake. Kamera isiwe karibu na zoezi hilo.

Silika ya buluu ikishiba inakuwa ya pinki. Ya rangi ya chungwa mara nyingi hugeuka kijani. Ya buluu ina kobalti kloraidi ambayo ni sumu, kwa hiyo isichezewe na watoto na usiivute vumbi lake. Kuirudisha: isambaze kwenye trei, oveni nyuzi 110 hadi 120, saa mbili tatu. Usizidishe joto, ya chungwa hasa huharibika. Ikitoka iache ipoe ndani ya chupa iliyofungwa, la sivyo itaanza kunywa hewa ya chumba kabla hujaifikisha kwenye boksi.

Karibuni, wenye kupinga wapinge.

Nyota_ya_Jioni

Mimi napinga kidogo mkuu. Kamera yangu inalala kwenye begi la kawaida, mahali penye joto na mvua za kutosha, na lenzi ziko safi. Silika sina. Nadhani mnatutisha.

Kioo_Safi

@Nyota_ya_Jioni unaitumia mara ngapi?

Nyota_ya_Jioni

Karibu kila siku, ni kazi yangu.

Kioo_Safi

Basi umejijibu. Lenzi yako inapata mwanga, inapata upepo, inazungushwa, inafutwa. Zile siku tatu za giza na hewa iliyotulia hazijawahi kutimia. Wewe huhitaji boksi kwa lenzi unayofanyia kazi. Ila nina hakika unayo moja usiyoipenda, imekaa chini kabisa ya begi. Hebu imulike tochi leo.

Nyota_ya_Jioni

Hahaa. Ngoja nikaiangalie.

Popo

Naomba kuuliza, mchele mkavu unafaa badala ya silika? Na zile kopo za kuondoa unyevu kabatini zinazojaa maji je?

Fundi_Bisibisi

Naingilia hapo. Mchele haufai. Unanyonya kidogo sana ukilinganisha na silika, halafu una unga wa wanga, na wanga ni chakula cha fangasi. Unawapelekea wageni sahani mezani.

Zile kopo nyingi zina kalsiamu kloraidi. Nguvu ya kunyonya zinayo, pengine kuliko silika, lakini maji yanayojaa chini ni maji ya chumvi kali. Kopo likipinduka ndani ya boksi, chumvi ile inakula viungo vya umeme na skrubu. Kabati la nguo sawa. Karibu na kamera, hapana.

Mama_Lenzi

Asante mleta uzi kwa hesabu ya nusu gramu, sikuwahi kuiona hivyo. Swali langu ni juu ya makabati ya umeme ya kutunzia kamera. Yana faida gani zaidi ya boksi? Na umeme ukikatika?

Kioo_Safi

Dada, faida kubwa ni uvivu, na uvivu si jambo dogo. Boksi linataka mtu wa kukumbuka kukausha silika. Kabati linajikumbukia lenyewe.

Yapo ya aina mbili. Moja hutumia kibamba cha umeme ambacho upande mmoja hupoa. Maji ya hewani hugandia hapo kama umande kisha hupelekwa nje. Nyingine ina silika ndani yake: kwa saa kadhaa silika inakausha kabati, kisha kijiheta kinaichoma na kitundu cha nje kinafunguka mvuke utoke. Hii ya pili ndiyo naipenda zaidi, kwa sababu inashusha unyevu vizuri hata chumba kikiwa na baridi, wakati ile ya kwanza hulegea hali ya hewa ikipoa. Zote hula umeme kidogo sana, wati chache tu ukichukua wastani.

Umeme ukikatika kwa saa kadhaa hakuna shida ikiwa mlango unabana, unyevu utapanda polepole. Ukikatika siku nyingi, tupia silika kavu ndani na usifungue ovyo. Na kipima unyevu kilichobandikwa mlangoni usikiamini kwa sababu tu kimekuja na kabati. Weka pembeni yake kile chako ulichokijaribu kwa chumvi, ulinganishe.

mzee_filamu

Vijana, zamani tulikuwa tunawasha balbu ya wati 25 chini ya kabati la mbao na lenzi juu. Ilifanya kazi. Mbona hamuitaji?

Fundi_Bisibisi

Shikamoo mzee. Ilifanya kazi kweli, na sababu yake ni nzuri: balbu haiondoi maji hata tone, inapasha hewa tu, na hewa ikipata joto unyevu wake kwa asilimia unashuka. Lakini kwenye meza yangu naona upande wa pili. Lenzi iliyokaa kwenye joto miaka mingi, grisi yake hulainika na kutambaa mpaka kwenye vile vibamba vya tundu la mwanga. Vinanata, vinachelewa kufunga, picha zinatoka zimeungua kwa mwanga. Mbali na hilo kuna hatari ya moto, balbu na mbao na vitambaa pamoja usiku kucha. Na balbu za siku hizi za LED hazina joto la maana, kwa hiyo hata ukitaka kuiga huenda usipate kitu.

mzee_filamu

Marahaba. Nimekuelewa. Basi niongeze kijipande cha historia maana nyie mnaona tatizo hili ni la kwenu. Vita Kuu ya Pili, kwenye misitu ya New Guinea, darubini na vifaa vya kulengea shabaha viliota fangasi mpaka askari wakawa hawaoni kitu. Australia ikawapa kazi wataalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Melbourne, J. S. Turner na Ethel McLennan wakiwemo. Dawa waliyoitumia ilikuwa na zebaki ndani yake, ilitiwa ndani ya kifaa kuzuia fangasi wasiote. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1946.

Popo

Hiyo dawa inapatikana bado mzee?

mzee_filamu

Nimesema zebaki, kijana. Achana nayo.

Kijana_wa_Mwanga

Wakuu mmeongelea kutunza, mimi tatizo langu ni kutoka na kuingia. Natoka kwenye chumba chenye kiyoyozi, nikifika nje kamera inalowa yote, kioo cha mbele hadi kitufe. Nafuta, inarudi. Hii nayo inaleta fangasi?

Kioo_Safi

Inaleta, tena kwa njia mbaya, kwa sababu maji hayaishii nje. Nje kukiwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 80, kitu chochote chenye ubaridi chini ya nyuzi 26 hivi kitatoka umande. Kamera yako imetoka chumba cha nyuzi 22. Lazima ilowe. Ukianza kufuta na kuvuta zumu wakati huo, lenzi inayorefuka inavuta hewa ileile yenye maji na kuiingiza ndani, ambako bado kuna ubaridi. Umande unatokea nyuma ya kioo, usipoweza kufuta.

Dawa: ukiwa bado ndani ya chumba chenye kiyoyozi, ifungie kamera kwenye mfuko wa zipu na utoe hewa kadiri uwezavyo. Toka nayo hivyohivyo. Umande utashika juu ya mfuko badala ya kamera. Isubiri ifikie joto la nje, nusu saa hadi saa moja kutegemea ukubwa wa lenzi, ndipo ufungue. Ukishalowesha tayari, usibadilishe lenzi wala usivute zumu. Iache hewani ikauke.

Na kiyoyozi chenyewe wengi wanakihesabu kama ulinzi. Kikiwaka kinakausha hewa, kweli. Kikizimwa, hewa ya nje inarudi na kukuta kuta, makabati na lenzi vikiwa vya baridi. Chumba kinachowashwa na kuzimwa kila siku kinaweza kuwa kibaya kuliko kisicho na kiyoyozi kabisa. Usiweke boksi kwenye ukuta unaopigwa na ubaridi.

Mama_Lenzi

Na zile lenzi zinazotangazwa kuwa hazipitishi maji?

Kioo_Safi

Zinazuia matone na vumbi. Hewa inapita. Na mvuke wa maji unapita pamoja na hewa.

Fundi_Bisibisi

Naona hakuna aliyegusa chumvi ya bahari. Wanaopiga picha ufukweni: upepo wa bahari unaacha chumvi juu ya kila kitu, na chumvi inavuta maji ya hewani yenyewe. Kamera iliyotoka ufukweni ikaingizwa kwenye boksi bila kufutwa inakaa na unyevu wake mgongoni. Kitambaa kilicholoweshwa kidogo sana kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ukikamue, futa mwili, kisha kitambaa kikavu. Kioo usikisugue kabla ya kupuliza chembechembe. Na toa ule kioo cha kinga cha mbele, filta, kabla ya kuhifadhi. Kati ya filta na lenzi kunajificha unyevu na hakuna anayepaangalia. Betri nayo itoke kama kamera itakaa muda mrefu.

Nyota_ya_Jioni

Nimerudi. Nimeimulika ile ya chini ya begi. Kuna kitu kama utando wa buibui pembeni, kioo cha nyuma. Kioo_Safi, wewe ni mganga.

Fundi, naifanyaje?

Fundi_Bisibisi

Kwanza hakikisha ni fangasi. Fungua tundu la mwanga mpaka mwisho, mulika tochi kutoka nyuma kwa pembeni, usiangalie mwanga moja kwa moja. Nyuzi zenye matawi, hao ni fangasi. Wingu jepesi lililoenea sawasawa kwa kawaida ni mvuke wa mafuta. Pete za rangi za upinde wa mvua au mapovu ukingoni ni gundi ya vioo inaachia, na hilo ni jambo jingine kabisa. Vumbi si tatizo, kila lenzi inalo.

Kama wako upande wa nje wa kioo cha nyuma, utawafikia mwenyewe. Puliza, kisha alkoholi ya isopropili kwenye karatasi ya kusafishia lenzi. Tia kwenye karatasi, usimwagie lenzi, isije ikapenya pembeni. Wengine huchanganya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 na amonia, nusu kwa nusu. Inafanya kazi, lakini changanya kiasi cha kutumia hapohapo, penye hewa, na usiufungie mchanganyiko kwenye chupa kwa sababu hutoa gesi na chupa inaweza kupasuka.

Kama wako ndani, mpelekee fundi. Si kwamba natafuta wateja. Vioo vya ndani vimepangwa kwa vipimo vya kitaalamu, kikikaa upande kidogo tu, nusu ya picha yako haitakuwa kali tena. Na kama wameota kati ya vioo viwili vilivyobandikwa kwa gundi, gharama ya kuvibandua mara nyingi inazidi thamani ya lenzi.

Nyota_ya_Jioni

Ni nje. Nashukuru. Je picha zitaathirika?

Fundi_Bisibisi

Vijinyuzi vichache kioo cha mbele, huoni kitu. Kioo cha nyuma huonekana upesi zaidi, hasa ukipiga kuelekea mwangani: weusi unakuwa kijivu, mwanga unasambaa. Jaribu ukiielekeza karibu na taa kali kabla na baada ya kusafisha.

Popo

Je, fangasi wanaambukiza? Niliambiwa lenzi moja ikiumwa inatakiwa itengwe na nyingine.

mzee_filamu

Wanaambukiza. Lenzi yenye fangasi haikai kwangu.

Kioo_Safi

Mzee, kwa heshima zote, hapa tunatofautiana. Vijimbegu viko hewani tayari. Lenzi safi ikikaa kwenye asilimia 45 haitaota hata ikilala ubavuni mwa yenye fangasi. Kwenye asilimia 80 itaota hata ikiwa peke yake. Kutenga si vibaya, haigharimu kitu, ila mtu asitenge lenzi moja halafu akaziacha nyingine kumi kwenye begi lenye unyevu akidhani ameshinda.

mzee_filamu

Bado nitatenga.

Kijana_wa_Mwanga

Na jua? Kuna jamaa huanika lenzi juani ili fangasi wafe.

Fundi_Bisibisi

Mionzi mikali ya jua inaua fangasi, ndiyo, lakini vioo vingi vya lenzi vinazuia sehemu kubwa ya mionzi hiyo isifike ndani. Na waliokufa hawaondoki, utando unabaki palepale. Halafu lenzi juani inakusanya mwanga sehemu moja, inaweza kuunguza vibamba vya tundu au kuwasha kitu kilicho nyuma yake. Mwanga wa kawaida wa dirishani, upepo kidogo, ukazungusha zumu na kufungua na kufunga tundu, hiyo inatosha kuwa mazoezi ya lenzi isiyotumika. Siku kavu lakini, si siku ya mvua.

Mama_Lenzi

La mwisho kutoka kwangu. Nasafiri kwa miezi kadhaa na kamera zinabaki. Hakuna mtu wa kukausha silika nyumbani.

Kioo_Safi

Hiyo ndiyo hali rahisi kuliko zote, dada, kwa sababu boksi halitafunguliwa. Futa kila kitu, toa betri, toa mikanda na mifuko. Acha vifaa vikae saa kadhaa kwenye chumba kikavu kadiri inavyowezekana, ndipo ufunge. Weka nusu kilo ya silika iliyochomwa karibuni. Siku mbili baadaye soma kipima bila kufungua. Kikiwa kati ya 35 na 50 na hakipandi, ondoka. Kikiwa kinapanda, mpira unavuja au kuna kitu ndani chenye maji. Kitafute kabla ya kusafiri. Zungushia ukingo wa mfuniko utepe wa plastiki kama huuamini mpira.

Mama_Lenzi

Mkanda wa kamera nautoa kwenye kamera kabisa?

Kioo_Safi

Kabisa. Uoshe, uanike, uutundike nje ya boksi.